Jina Lisilopata Likizo

Siku ile Modesta alipokuwa akilia kwenye wodi ya wazazi, nesi akimwambia sukuma na mara akimwambia acha kusukuma, kompyuta ya kazini kwake iliandika kwamba yuko ofisini Kihonda, anachapa kazi. Iliandika amefika mapema, amepima kurasa za mishahara, amekuta makosa, ameyatolea taarifa, na jioni amefunga mashine kama mtu mwenye adabu zake. Hata kwenda kula hakwenda.

"Hongera," alisema Bi Mwanaheri, mkaguzi wa leseni za programu, aliyetoka Dar es Salaam na sanduku jeusi la kompyuta ya mapajani. "Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mwanamke aliyejifungua na kupima programu kwa wakati mmoja. Tena bila kwenda kula."

Bwana Frank, meneja na mwenye kampuni, akacheka. Mtu wa Dar akikohoa tu, yeye alikuwa anacheka. Modesta hakucheka. Alikuwa amesimama mbele ya meza, maziwa yanamvuja kwenye blauzi kwa sababu saa ya kumnyonyesha mtoto ilikuwa imepita, na hakuna aliyemwambia kaa.

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, unakwenda ukingoni, na dunia nzima imeshikwa na homa ya elfu mbili. Ilisemekana usiku wa mwaka mpya kompyuta zitachanganyikiwa, zitadhani zimerudi enzi za babu zake babu, na mishahara ya watu itayeyuka. Benki moja ya Dar, iliyokuwa ya umma na sasa ina wenyewe, ikampa Bwana Frank kazi ya kupima mfumo wake wa mishahara kabla jua la mwaka mpya halijachomoza. Bwana Frank akapanga ghala la shirika lililokufa, akapaka rangi, akaweka kompyuta sita na wapimaji sita, akatundika feni. Feni ilikuwa kwa ajili ya kompyuta.

Mtu hapimi mfumo kama huo kwa vidole vyake. Kuna programu ya kupimia, inayotoka Ulaya, ambayo kazi yake ni kuisumbua programu nyingine: inajibonyeza yenyewe mara elfu, inaweka tarehe za mbele, inamlipa mshahara mtu aliyekufa, inaona kama mfumo utastuka. Na programu hiyo huinunui ukaondoka nayo kama sufuria. Unanunua leseni ya kuitumia, mtu kwa mtu, jina kwa jina. Bwana Frank alinunua leseni tatu. Wapimaji sita. Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeinyoshea kidole.

"Nataka nielewe," alisema Bi Mwanaheri. Hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma masharti ya dawa. "Jina la Modesta lilitumiwa na nani alipokuwa likizo ya uzazi?"

"Na Raya," alisema Modesta. "Nilimwachia neno langu la siri kwa sababu—"

"Bi Mwanaheri," Bwana Frank aliingilia, mkono kifuani, "mimi mwenyewe ndiyo kwanza nasikia leo."

Modesta akamgeukia. Alimkumbuka mtu huyuhuyu, kwenye mlango huuhuu, yeye akiwa na tumbo la miezi tisa, akimwambia: Modesta mdogo wangu, huwezi kwenda kujifungua na leseni yangu tumboni, mwachie Raya hilo neno, kazi isilale. Alisema mbele ya watu. Sasa ndiyo kwanza anasikia.

"Bwana Frank, si ulisema wewe?"

"Mimi? Mimi nilikwambia uiuze?"

"Niuze nini?"

"Bi Mwanaheri, tusifichane." Meneja akainama mbele kama anayetoa siri ya ndoa ya mtu. "Kila mwisho wa mwezi huyu Raya alikuwa anampelekea mwenzake mkungu wa ndizi. Mkungu mzima. Nimewaona kwa macho yangu. Watu wananiambia ni urafiki. Kumbe kodi! Leseni yangu inapangishwa kwa ndizi!"

Mkaguzi akaacha kuandika. "Ni kweli alikuletea ndizi?"

Kweli ilikuwa kweli. Modesta alikuwa Mkatoliki wa milimani, upande wa Matombo, na Raya alikuwa Mwislamu wa Mkuyuni, lakini siku ya kwanza tu kazini waligundua kwamba mama zao ni ukoo mmoja, na kwa Waluguru ukoo ni wa mama. Na kwa Waluguru shamba ni la ukoo. Wewe unapewa ulime. Ukipata uzazi, au ukiugua, ndugu yako anaingia mahali pako ili ardhi isiote majani, na akivuna anakuletea kitu kidogo, kuku, ndizi, kibuyu cha pombe, kuonyesha kwamba hajasahau shamba ni la nani. Kitu hicho kinaitwa ngoto. Si kodi. Hakuna anayepiga hesabu yake. Ni njia ya kusema najua niko kwenye mahali pako, na ukirudi nitatoka.

Raya alipoambiwa akae mahali pa Modesta, akakaa. Mwisho wa mwezi akampelekea ndizi, kwa sababu mama yake alimlea. Modesta akazipokea, kwa sababu naye alilelewa.

Haya yote Modesta alijaribu kuyasema pale akiwa amesimama, maziwa yanavuja, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake yanavyogeuka mdomoni. Shamba. Ukoo. Mahali pangu. Anavuna.

"Kwa hiyo alitumia kilicho chako na akakulipa mazao," alisema Bi Mwanaheri.

"Si kulipa."

"Kwenye masharti ya leseni hakuna ngoto, mama. Kuna kupangisha na kutopangisha." Akafunga daftari lake. "Sikiliza, Bwana Frank. Kama aliyevunja masharti ni kampuni, mtatozwa faini na mtanunua leseni tatu zaidi. Kama ni mfanyakazi mmoja kwa tamaa zake, ni onyo tu. Mnijulishe. Lakini kuanzia leo, jina litatumiwa na mwenye jina peke yake. Kulibadilisha hairuhusiwi mpaka mwaka wa leseni uishe, mwezi wa tatu."

"Sawa kabisa," alisema Bwana Frank, macho yakiwa dirishani, akimwita kijana alete soda.

Mkaguzi akawapitisha wale watatu wenye majina, mmoja mmoja, kila mtu aweke neno jipya la siri. Zamu ya Modesta ilipofika, Bi Mwanaheri aligeuza uso ukutani ili asione vidole vyake. Modesta akaandika. Ilikuwa heshima pekee aliyopewa siku hiyo.

Gari la mkaguzi halijatoka hata getini, Bwana Frank akamwita ukumbini.

"Modesta mdogo wangu. Utasema ulifanya mwenyewe. Wewe na Raya, na ndizi zenu. Mimi nitakupa barua nzuri, utapata kazi mahali pengine."

"Na nikisema ukweli?"

"Ukweli upi? Mimi nina karatasi ya masharti. Wewe una mkungu." Akatabasamu. "Ukikubali, umeacha kazi kwa wema. Ukikataa, umefukuzwa."

"Sikubali."

"Basi kachukue mkoba wako."

*

Nyumbani kwa Modesta ni chumba na ukumbi, huko huko Kihonda, nyuma ya mashine za kukoboa. Mumewe, Ernest, alikuwa uani anaanika nepi. Alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo mpaka kiwanda kilipopata mwekezaji, na mwekezaji akapata mashine zisizohitaji Ernest. Tangu hapo yeye ndiye anayekaa na mtoto. Vijana wa kijiweni walimpa jina la Dada wa Kazi. Walimsalimia kwa heshima zote: "Dada, leo nepi ngapi?" Naye alikuwa anawajibu, "Njooni mzifue mzihesabu," lakini jioni hakupita kijiweni.

Mama yake Modesta, Bi Bernadeta, alikuwa ameshuka na lori la mboga tangu alfajiri, kaleta magimbi na njegere, na sasa anasugua meno kwa kijiti mlangoni huku mjukuu wake, Josephina, amelala mgongoni. Alimsikiliza binti yake mpaka mwisho bila kutoa kijiti mdomoni.

"Sijaelewa," alisema. "Hiyo leseni ni kitu gani? Inaonekana?"

"Haionekani, mama. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni kama kinu cha pale nyumbani: kinu kimoja, anatwanga yeyote, mradi wasitwange wawili kwa pamoja. Hiyo ni ghali. Ya pili ni ya mtu na jina lake. Hiyo ni kama huo mswaki wako."

Bi Bernadeta akautoa mswaki mdomoni, akautazama.

"Ehee. Na meneja wenu alinunua ipi?"

"Alinunua miswaki mitatu."

"Nyie mko wangapi?"

"Sita."

"Mungu wangu! Akawasugulisha!" Akatema mate pembeni kwa nguvu zote. "Na leo anakwambia wewe ndiye mchafu?"

Ernest hakucheka. Alikuwa ameinama kwenye beseni, anakamua nepi ambayo maji yalikuwa yamekwisha kutoka zamani.

"Mama Fina," alisema polepole, "si ungekubali tu?"

"Nikubali nini?"

"Hicho anachotaka. Ni maneno. Unasema ni mimi, anakupa barua, unatafuta kazi nyingine. Maneno hayana uzito."

"Barua ya mtu aliyepangisha leseni? Nani atanipa kompyuta tena? Mji wenyewe una kompyuta za kuhesabika, na wenyewe wote wanakunywa soda pamoja."

"Sasa tutakula ukweli?"

Alisema kwa sauti ya juu kuliko alivyokusudia. Mtoto akastuka mgongoni kwa bibi. Kijiweni, ng'ambo ya ukuta wa mabati, mazungumzo yakanyamaza ili masikio yafanye kazi.

"Ernest," Modesta alisema, "kile kiwanda kilipowaondoa, mliambiwa mseme nini?"

Ernest akaikung'uta nepi.

"Mliambiwa mseme mmeacha kwa hiari. Ukasema. Nilikuwepo. Uliposema, walikuongezea nini?"

Ernest akaitundika ile nepi kwenye kamba. Akaibana kwa kibanio, akaongeza kibanio cha pili, halafu cha tatu, kama nepi hiyo inataka kutoroka.

"Kofia," alisema mwishowe. "Walitupa kofia."

Bi Bernadeta akataka kucheka, akaona uso wa mkwe wake, akaumeza mcheko wake pamoja na mate ya mswaki.

*

Siku ya tatu Raya alikuja jioni, ushungi umemkaa upande, mikono mitupu. Raya kuja mikono mitupu ilikuwa habari yenyewe. Alimpigia magoti Bi Bernadeta, "Shikamoo mama," kisha akakaa kwenye kigoda na kuangalia miguu yake.

"Dada Modesta, nimekukosea. Aliniita ofisini. Akanitisha, akasema wenye programu wanaweza kutufunga. Nikasema ndiyo, tulipatana wenyewe. Nilisema kwa mdomo, dada, lakini nilisema."

Modesta akamtazama. Hasira ilikuwa imemjaa siku tatu bila pa kuitua, na sasa hapa pana kichwa cha mtu kimeinama tayari. Aliona vidole vya Raya vinavyosokota pindo la kanga. Raya alikuwa na mama mgonjwa na wadogo wanne.

"Kanywe chai kwanza," alisema. "Utalia ukishiba."

Raya akanywa, na chai ikamfungua. "Lakini ngoja nikwambie, huko ofisini sasa ni kizaazaa. Asubuhi ile ulipoondoka akaniambia nikae mahali pako, niandike neno lako la zamani. Nikaandika. Mashine ikakataa. Akasema umekosea, pisha. Akaandika yeye. Ikakataa. Akaandika jina la mtoto wako. Ikakataa. Akaandika ndizi!"

"Aliandika ndizi?" Ernest aliuliza kutoka uani.

"Haki ya Mungu, shemeji. Kwa herufi kubwa. Ikakataa. Akampigia simu yule mama wa Dar amtoe Modesta aniweke mimi. Akaambiwa, nilikueleza, jina halitoki mpaka mwezi wa tatu. Kwani hukunisikia? Akasema nilisikia, nilisikia. Hakusikia! Alikuwa anaagiza soda!"

"Sasa kazi inakwendaje?" Modesta aliuliza.

"Haiendi. Hao wawili waliobaki na majina yao hawawezi kumaliza. Kurasa zile za mishahara zote ulizianza wewe, ziko chini ya jina lako, hakuna anayeweza hata kuzifungua. Na benki wanapiga simu asubuhi na jioni. Wanasema zikipita wiki mbili kazi wanampa mtu mwingine."

Ernest akaingia ndani, nepi begani kama askari na bunduki yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile uso wake ulikuwa na kitu.

"Yaani," alisema, "amemfukuza mtu, akasahau kwamba ufunguo uko kichwani kwa huyo mtu?"

*

Alikuja Jumapili, watu wanatoka kanisani. Bwana Frank mwenyewe, shati jeupe, tai, gari amelisimamisha mbali kwa sababu njia ya kwa kina Modesta ina mtaro. Mkono mmoja kabeba kilo za sukari. Bega moja kabeba, kwa shida na kwa haya, mkungu wa ndizi.

Kijiweni walisimama wote. Kitu kama hicho hakipiti kila Jumapili.

Bi Bernadeta alikuwa mlangoni. Meneja akampita kama anavyopita mlinzi wake kila asubuhi, akaingiza kichwa ukumbini. "Modesta yupo?"

"Toka," alisema Bi Bernadeta.

"Samahani?"

"Toka nje, uanze upya. Kwetu mtu mzima akikaa mlangoni si kizingiti."

Bwana Frank akatoka. Alikuwa na shahada, alikuwa na gari, na nyuma yake kulikuwa na vijana tisa wanaoangalia. Akasimama pale kwenye vumbi na mkungu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umefuata nini?"

"Nimekuja... kumsalimia mzazi. Nimeleta na ndizi kidogo."

"Za nini?"

"Zawadi."

"Si kodi?"

Kijiweni mtu mmoja akapaliwa na kahawa.

Modesta alitoka na mtoto mkononi, anamnyonyesha, na hakujifunika kwa haraka. Alikuwa kwake. Alimtazama bosi wake, akaona jasho kwenye kola, akaona jinsi asivyojua ndizi zinabebwaje: ameushusha begani, ameukumbatia kifuani kama mtoto wa mtu.

"Modesta mdogo wangu," alianza, "yaliyopita tuyaache. Mimi sina kinyongo."

"Wewe huna?"

"Sina kabisa. Tufanye hivi. Uje kwa kibarua, siku kwa siku. Hutafanya chochote! Asubuhi unaandika neno lako, unakaa pembeni na mtoto wako, Raya anapima. Jioni unafunga. Au ukitaka usisumbuke kabisa, nitajie tu hilo neno hapa, mimi nikuache upumzike."

"Yaani unalitaka jina, mimi hunitaki."

"Usiseme hivyo."

"Nasemaje? Nilipokuwa natokwa damu, jina langu lilikuwa kwako linapima mishahara ya watu. Nilipokuwa nalala na mtoto, jina langu liko kwako. Mimi nililipwa nusu kwa sababu nipo likizo, jina likachapa kazi kutwa nzima, na lilipokamatwa, ukanifukuza mimi." Sauti yake haikupanda. "Sasa Bwana Frank, jina nalo limechoka. Lipo likizo ya uzazi. Ile ya kwanza halikupata."

Kutoka kijiweni ikatoka sauti ya watu wanaopiga mapaja. Bwana Frank akageuka, wakatazama juu, wote tisa, kama wanatafuta mvua.

"Unataka nini?" aliuliza, na hapo sauti ya "mdogo wangu" ikawa imekwisha.

"Kesho, saa ya kuanza kazi, mbele ya watu wote, Raya akiwepo, na mlinzi akiwepo, useme nani alituambia tutumie jina moja. Halafu umpigie Bi Mwanaheri umwambie hivyohivyo. Mimi narudi kwenye kazi yangu, si kibarua. Na Raya asiguswe."

"Unajua faini ni kiasi gani?"

"Unajua benki inakulipa kiasi gani?"

"Siwezi kujidhalilisha mbele ya wafanyakazi wangu. Nitaongozaje watu?"

"Mimi ulinidhalilisha nikiwa nimelowa maziwa," alisema Modesta. "Na kesho yake uliongoza vizuri tu."

Bwana Frank akaweka ile sukari kizingitini. Akataka kuutua na mkungu, Bi Bernadeta akaweka mguu.

"Ndizi chukua, baba. Ngoto inaletwa na aliyepewa shamba. Wewe hujapewa." Akaisukuma na sukari kwa kidole cha mguu. "Na hii chukua. Wapelekee wale unaokunywa nao soda, pengine haiwatoshi utamu."

Akaondoka navyo. Njia ile ya mtaro, kwenda ilikuwa ndefu, kurudi ilikuwa ndefu zaidi. Mkungu ulikuwa umekatwa asubuhi ileile na utomvu ulikuwa bado unadondoka kwenye kikonyo, na kila alipouhamisha kutoka bega hadi bega ukamwachia alama nyeupe kwenye shati jeupe. Hakuona. Vijana waliona. Kila aliyekulia milimani anajua utomvu wa ndizi: leo hauonekani, ukikauka unakuwa kahawia, na hakuna sabuni iliyowahi kuutoa.

Ernest alisimama kando ya mkewe mpaka gari likaondoka.

"Na asipokubali?"

"Basi nitakuwa nimekosa kazi," alisema Modesta. Akamtoa mtoto kwenye titi, akajifunika. "Lakini sitakuwa nimeacha kwa hiari."

Ernest akampokea mtoto. Kijana mmoja akaita kutoka ng'ambo, "Dada wa Kazi!" kisha akajirudi mwenyewe, akasema, "Shemeji, karibu kahawa." Ernest akaenda, na mtoto wake begani.

*

Jumatatu walisimama wote kwenye ghala: wapimaji sita, mfagiaji, kijana wa soda, na dirishani kwa nje mzee Hatibu, mlinzi, bunduki yake isiyo na risasi imeegeshwa ukutani. Feni inapepea kompyuta. Modesta alikuwa karibu na mlango na mkoba wake. Hakuwa amekaa popote.

Bwana Frank alivaa shati la bluu. Akasimama mbele, akakohoa, akaanza kusema kwa Kiingereza. Kiingereza cha haraka, kinachopita puani. Kulikuwa na neno mawasiliano mle ndani, kulikuwa na bahati mbaya, kulikuwa na pande zote mbili. Mfagiaji akatikisa kichwa kwa heshima kama watu wanavyotikisa kwenye misa ya lugha ya kigeni. Mzee Hatibu akauliza dirishani kwa mnong'ono, "Anasema nini? Tumepandishwa mshahara?" Bwana Frank akamaliza, akafuta uso, akashika mkono wa simu.

"Bwana Frank," alisema Modesta.

"Si nimesema!"

"Ulipotuambia tutumie jina moja ulituambia kwa Kiswahili."

Raya, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa wiki nzima, akakiinua.

"Na ulipomwambia mkaguzi kwamba mimi nimepangisha, ulisema kwa Kiswahili. Ndizi ulizitaja kwa Kiswahili. Sema hivyohivyo."

Kabla hajaunyanyua, simu ikaanza kulia chini ya kiganja chake. Watu wote walijua ni benki, maana asubuhi huwa hakuna mwingine anayepiga. Ililia, ikakatika, ikaanza tena. Bwana Frank aliitazama simu, akamtazama Modesta, akatazama mashine ile moja iliyozimwa katikati ya tano zinazowaka.

"Ni mimi," alisema, chini kabisa.

"Dirishani hawasikii."

"Ni mimi!" alipaza sauti, masikio yamemwiva. "Mimi ndiye niliyewaambia mtumie jina la Modesta. Alikwenda kujifungua, nikamwambia aache neno lake. Yeye hakupangisha kitu. Raya naye hakukodi kitu. Nilisema uongo."

Feni ikazunguka. Nje, mzee Hatibu aliyaweka maneno yale sawasawa kichwani mwake, moja baada ya jingine, akaegemea dirisha, akasema neno moja tu, kwa utulivu, kama mtu aliyemaliza kula.

"Kumbe."

Modesta akangoja mpaka simu ya Dar ikapigwa na maneno yale yale yakasemwa mara ya pili. Ndipo akavuta kiti chake. Kilikuwa kimeshushwa, akakipandisha. Mkoba akauweka chini. Raya akasogea nyuma yake, na bila kuambiwa akageuza uso ukutani.

Modesta akaandika jina lake, jina la baba yake, na neno ambalo halijui mtu. Mashine ikamkubali.